Tunaafikiana Kurudisha, Kupokea Kila Mtu na Lake

Ukiingia Tanzania kwa basi kutoka Kigali, pale Rusumo mnateremshwa wote. Mnaingia jengo moja, mnapanga foleni moja, na ofisa wa nchi unayoiacha amekaa hatua chache tu kutoka kwa ofisa wa nchi unayoiingia. Mhuri unagongwa, unaulizwa unakwenda wapi, unarudi kwenye kiti chako. Wakubwa wanakiita Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, na kwa kweli huduma ni za pamoja. Malori yaliyokuwa yakikaa hapo muda mrefu sasa hupita haraka zaidi.

Hapo hapo Rusumo, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kwa muda wa takriban siku moja wakikimbia vita na mauaji Rwanda. Waliishia Benaco, wilayani Ngara, na kwa wiki chache kambi ile ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Imepita miaka thelathini na ushee. Tumejenga daraja jipya, tumeunganisha forodha, tumewaweka maofisa wa uhamiaji chini ya paa moja. Lakini kesho wakitokea tena watu 250,000 upande wa pili wa mto, hakuna utaratibu wa pamoja utakaoamka. Kila nchi itafanya lake, kwa sheria yake, kwa hofu zake, na kwa kadiri inavyopatana na jirani wiki hiyo.

Si kwamba nchi zetu haziwezi kuratibu mambo ya wakimbizi. Zinaweza, na zimefanya hivyo mara nyingi, ila kwa upande mmoja tu wa shughuli hiyo: kuwarudisha walikotoka.

Tazama kumbukumbu. Mwaka 2001 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, walitia saini makubaliano ya pande tatu ya kuwarejesha Warundi kwa hiari. Novemba 2013 Kenya na Somalia, pamoja na UNHCR, zikasaini ya kwao kuhusu Wasomali wa kambi ya Dadaab, nchini Kenya. Agosti 2017 Tanzania na Burundi zikakaa tena na UNHCR, na kuanzia Septemba mwaka huo misafara ikaanza kutoka Kigoma. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Agosti 2019, mawaziri wa mambo ya ndani wa Tanzania na Burundi walisaini makubaliano ya wawili peke yao: watu 2,000 kila wiki kuanzia tarehe 1 Oktoba, na maneno yaliyosikika hadharani hayakulisisitiza sana neno "hiari". UNHCR ilikumbusha kuwa kurejea ni kwa hiari au si kurejea. Hata hivyo ratiba, mabasi, vituo vya mapokezi, orodha za majina, maofisa wa pande zote mbili wakipigiana simu, vyote vilipatikana. Katika miaka ile zaidi ya Warundi 100,000 walirudi kutoka Tanzania. Huwezi kuendesha shughuli ya ukubwa huo bila uratibu.

Sasa geuza macho utazame siku ya kupokea. Aprili 2015 Bujumbura ilipochafuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa mgombea kwa muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya watu walijikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Kilichowatoa pale ni MV Liemba, meli ya tangu enzi za Wajerumani, ikipiga safari baada ya safari kuelekea Kigoma mjini. Nchi zote zilizohusika zilikuwa wanachama wa jumuiya moja, Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha. Jumuiya hiyo ilifanya mikutano ya wakuu wa nchi kuhusu siasa za Burundi, na ilifanya vizuri. Lakini nani ampokee nani, wangapi, kwa gharama ya nani, hilo liliachiwa jiografia. Aliyekaa karibu na Ziwa alikwenda Kigoma, aliyekaa Kirundo alikwenda Rwanda, mwenye nauli alifika Uganda.

Kisha milango ikaanza kufungwa, na hapa ndipo mambo yanapochekesha, kama kuna cha kuchekesha. Mwanzoni Warundi walitambuliwa kwa pamoja kama kundi: ukithibitika umetoka Burundi kipindi hicho, wewe ni mkimbizi, hakuna haja ya kuhojiwa mmoja mmoja. Januari 2017 Tanzania ikauondoa utaratibu huo. Juni mwaka huo huo Uganda nayo ikauondoa. Rwanda ikaendelea nao. Sijaona waraka unaosema Dodoma na Kampala walikubaliana, na sidhani kama walihitaji kukubaliana. Jirani akifunga mlango wake, wa kwako ndio unaobishwa hodi zaidi, basi nawe unaufunga. Ni uratibu wa aina yake, kama wa wauza duka wa mtaa mmoja ambao hawajawahi kukaa kikao lakini bei ya sukari hupanda siku moja.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyefuatilia maisha ya kambi. Mrundi aliyebanwa katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, soko likafungwa, biashara ndogo ikapigwa marufuku, hakusubiri mkutano wa pande tatu. Baadhi waliibukia Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Wengine walifika mpaka Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Kule wanaanza upya: jina upya, alama za vidole upya, hadithi upya mbele ya ofisa asiyejua kwamba jalada la mtu huyu limejaa tayari Kibondo. Kwa lugha ya wataalamu hawa ni watu wa "uhamaji wa pili", na wanatazamwa kwa jicho la wizi kidogo. Ukweli ni kwamba wanafanya kile ambacho serikali hazijafanya: wanalinganisha sera za majirani na kuchagua.

Kwa nini iwe rahisi kurudisha na vigumu kupokea kwa pamoja? Watu husema fedha, na fedha ni sababu; nitaifikia. Lakini kubwa zaidi ni heshima za wakuu. Kumtambua mtu kuwa mkimbizi ni kutoa ushahidi dhidi ya serikali ya kwao. Ni kusema, kwa karatasi yenye mhuri wa taifa, kwamba huyu akirudi hatakuwa salama. Waliotunga Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi walilijua hilo, ndiyo maana wakaandika wazi kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na kwamba nchi yoyote mwanachama isilichukulie kama uadui. Sentensi nzuri sana. Na kama uadui usingekuwepo, nani angehangaika kuiandika?

Kurudisha ni kinyume chake. Nchi mwenyeji inapumua. Nchi ya asili inapata cheti cha amani. Mawaziri wawili wakisaini mbele ya kamera, wote wawili wanaonekana wamefaulu. Katika Jumuiya ambayo mambo yake makubwa huamuliwa kwa maafikiano ya wakuu wote, jambo linalomwaibisha mmoja wao haliwezi kwenda mbali, ilhali linalowasifu wote husainiwa kabla ya chakula cha mchana.

Na ujirani ukiharibika, mhamiaji ndiye anayelipa. Mei 2013 Rais Kikwete, akiwa Addis Ababa, alishauri Rwanda izungumze na waasi wake wa FDLR walioko Kongo. Kigali ilichukizwa sana. Katikati ya mwaka huo huo Tanzania ilianza kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikifuatiwa na Operesheni Kimbunga, na maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wamezaliwa na kuoa huku. Serikali ilisema ni suala la ujambazi na usalama wa mikoa ya mpakani, na ujambazi ulikuwepo kweli, aliyesafiri kwa basi kati ya Kibondo na Kasulu miaka ile anakumbuka askari wenye bunduki wakipanda kuusindikiza msafara. Lakini saa ya operesheni na saa ya ugomvi wa wakubwa zilikaribiana mno. Muha wa Kasulu naye alionja: ukizungumza Kiha, ambacho masikioni mwa mgeni hakitofautiani na Kirundi, kwenye kizuizi cha barabarani utaulizwa maswali ambayo Mchaga hataulizwa. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji unapita katikati ya lugha, na ofisa wa uhamiaji anatarajiwa kuutambua kwa lafudhi.

Sasa twende kwenye karatasi za Jumuiya yenyewe, maana huko ndiko kulikofichwa jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita.

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa mwaka 1999, katika ibara ya 124 inayohusu amani na usalama, unazitaka nchi wanachama ziweke mifumo ya pamoja ya kushughulikia wakimbizi. Imeandikwa hivyo, haina utata. Miaka kumi baadaye ikaja Itifaki ya Soko la Pamoja, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hii ndiyo inayompa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza na kukaa hadi miezi sita kwa kila kibali. Lakini ibara ya 7, fungu la 8, inasema uhamaji wa wakimbizi ndani ya Jumuiya utaongozwa na mikataba ya kimataifa inayohusika. Yaani: wengine wote tutawashughulikia sisi, hawa wana wenyewe huko Geneva, makao makuu ya UNHCR.

Soma tena hayo mambo mawili yakiwa pamoja. Mrundi mwenye pasipoti akiingia Tanzania kupitia Manyovu na magunia yake ya bidhaa, huyo ni mwana Afrika Mashariki, anagongewa mhuri, anakwenda Kigoma, Dar es Salaam akipenda. Mrundi mwingine wa kijiji kile kile akiingia kupitia Manyovu hiyo hiyo na mtoto mgongoni akasema nimekimbia, papo hapo uana-Afrika-Mashariki unamtoka. Anapelekwa kambini, na sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 inataka abaki huko mpaka apewe kibali cha kutoka. Mwenye shida kubwa ndiye mwenye haki ndogo. Ukisema unaogopa, unapoteza kile ambacho ungebaki nacho kama ungenyamaza.

Na wapo walionyamaza. Kigoma na Kagera wapo, Kampala wapo, Nairobi mtaa wa Kayole wapo. Hawakuomba hifadhi kwa sababu walipiga hesabu wakaona hifadhi ina bei kubwa.

Hali hii ilikuwa na mantiki fulani Jumuiya ilipokuwa na nchi tatu zilizozoea kupokea. Leo ina nchi nane. Burundi na Rwanda ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia ikakamilisha uanachama 2024. Hesabu mwenyewe: nchi ambazo watu wake wamejaa kambi za Bidi Bidi, Dadaab, Kakuma, Nyarugusu na Mahama karibu zote sasa zinakaa meza moja na nchi zinazowahifadhi. Uganda peke yake ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi wao wakiwa Wasudani Kusini na Wakongo. Ukiondoa Waeritrea, Waethiopia na Wasudani wa kaskazini, mkimbizi wa Afrika Mashariki ni raia wa Jumuiya aliyehama ndani ya Jumuiya. Tunamwita mgeni kwa mazoea tu.

Kenya ndiyo iliyothubutu kuugusa mwiba huu, na sikutarajia kama ingekuwa Kenya. Ndiyo nchi iliyotangaza Mei 2016 kwamba itaifunga Dadaab na kuivunja idara yake ya wakimbizi, mpaka Mahakama Kuu ikauzuia mpango huo Februari 2017. Na Machi 2021 ikawapa UNHCR siku 14 walete mpango wa kufunga kambi. Lakini katika vuta nikuvute ile ikazaliwa sheria mpya ya wakimbizi ya 2021. Ndani yake mna kifungu kinachosema mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya anaweza, kwa hiari yake, kuiacha hadhi ya ukimbizi na kuchukua haki anazostahili kama raia wa Afrika Mashariki.

Wazo hili si geni barani. Afrika Magharibi walilijaribu kabla. Vita vya Liberia na Sierra Leone vilipokwisha, mwaka 2007 Nigeria ilikubaliana na nchi hizo mbili, pamoja na jumuiya yao ya ECOWAS na UNHCR: wale wakimbizi wa zamani wasiotaka kurudi wapewe pasipoti na serikali za kwao, na Nigeria iwape kibali cha ukaazi chini ya itifaki ya uhamaji huru ya mwaka 1979. Mtu akaacha kuwa mkimbizi bila kuwa mhamiaji haramu na bila kufukuzwa. Wale wenzetu walikataa kuisoma itifaki yao kama ukuta kati ya mfanyabiashara na mkimbizi.

Napenda kifungu cha Kenya, lakini sikishangilii. Kwanza, ili uwe mwana Afrika Mashariki wa kwenye karatasi unahitaji pasipoti, na pasipoti inatolewa na serikali uliyoikimbia. Mtu wa Makamba aliyeondoka kwa sababu ya njaa iliyofuata vurugu anaweza kuingia ubalozini akatoka na hati. Mwandishi wa habari, au kijana aliyekuwa mstari wa mbele wa maandamano ya 2015, hataingia mlango huo hata kwa mtutu. Pili, ukishaiacha hadhi, ngao ya kutorudishwa kwa nguvu imedondoka. Kibali kikiisha muda, wewe ni mhamiaji kama wengine. Nigeria ilifaulu kwa sababu Monrovia na Freetown zilikuwa zimetulia. Mkongo wa Kivu huwezi kumwambia achague leo.

Kwa hiyo kosa liko kwenye neno "kuacha". Kwa nini lazima aache? Haki za Jumuiya zingewekwa juu ya hadhi ya ukimbizi badala ya kuwekwa mahali pake, mtu angebaki na ngao na bado akapata ruhusa ya kwenda kufanya kazi Eldoret au Mwanza. Kadi ya mkimbizi iliyotolewa Kibondo ingesomeka Nakivale. Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha kuonyesha kwa raia wao tangu 2014 kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka mpaka; si teknolojia inayotushinda.

Hapa Mtanzania atauliza: na mzigo je? Ana haki ya kuuliza. Nchi hii iliwapa Warundi wa 1972 ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na baadaye ikawapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao, jambo ambalo ni nchi chache sana duniani zimelifanya kwa ukubwa huo. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ile ya waliowatumikia wakimbizi, mwaka 1983 si kwa hotuba. Ni Tanzania hiyo hiyo iliyotoa tangazo pamoja na UNHCR mwishoni mwa 1996 kwamba Wanyarwanda wote wawe wameondoka kufikia 31 Desemba, na waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi wakageuzwa na askari. Methali yetu ya mgeni na jembe imetumika mpaka imechakaa, lakini angalau Katumba jembe lilitolewa. Nduta, jembe ndilo lililokatazwa.

Katikati ya nyakati hizo mbili kuna somo la fedha. Mapema 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango mpya wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikieleza sababu za usalama na ukosefu wa fedha. Sehemu ya kilichowekwa mezani ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ya Magufuli ilikataa kukopa ili kuwalisha wageni, na hata asiyempenda Magufuli anaweza kuuona uzito wa hoja hiyo. Uganda ilichukua njia nyingine, ikafungua milango na ikaitisha mkutano mkubwa Kampala Juni 2017 kutafuta dola bilioni 2. Ahadi zilizopatikana hazikufika hata milioni 400. Kila nchi ilikwenda kwa wafadhili peke yake, kila moja na bakuli lake. Mkataba wa 1969 unasema nchi inayoelemewa inaweza kuziomba nchi wenzake za Afrika moja kwa moja zichukue hatua za kumpunguzia mzigo. Tumekuwa tukiiruka hatua hiyo na kwenda Geneva na Washington, na wakati fedha za Geneva na Washington zilikuwepo, hakuna aliyejali. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula lilisimamisha msaada kwa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kakuma watu waliandamana kwa ajili ya mgao. Kambi, ambayo mantiki yake yote ni kwamba mtu atulie atalishwa, imebaki na ile sehemu ya kutulia.

Ulaya huwa inatajwa katika mijadala hii kama mfano. Sina hamu nayo sana. Utaratibu wao wa Dublin ulioitwika Ugiriki na Italia mzigo kwa sababu tu mashua zilitia nanga huko unafanana mno na kosa letu la kuiachia jiografia. Tuna mfano mbaya wa nyumbani, hatuhitaji kuagiza mwingine.

Mikoani watu wanajua kuongea. Mkuu wa Mkoa wa Kigoma na magavana wa upande wa Burundi hukutana katika vikao vinavyoitwa vya ujirani mwema: wizi wa mifugo, silaha, magendo, mpaka wenyewe, na wakimbizi wanapotajwa, mara nyingi ni idadi ya wanaorudi. Ni vikao vidogo na havina sauti Arusha, lakini wanaokaa humo ndio watakaokuwa wa kwanza kuona moshi upande wa pili. Kama ningeruhusiwa kuongeza ajenda moja, ningeuliza: siku wakija kwenu kabla hawajafika kwetu, au kwetu kabla ya kwenu, nani anampigia nani simu?

Swali hilo Burundi imekwisha kulipata. Baada ya waasi wa M23, mashariki mwa Kongo, kuiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, Wakongo walimiminika kuvuka mto Rusizi, wengine kwa kuogelea, na kufikia Machi zaidi ya 60,000 walikuwa upande wa Burundi, maelfu wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke. Nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuja kwenye meza ya pande tatu kama mahali watu wanapotoka, safari hii ilikuwa mahali wanapofikia, na watu wake wenyewe walikuwa bado Nduta na Nyarugusu.